Kuitazama Molekuli kwa Macho Mawili: Mwongozo kwa Walimu na Wanafunzi wa Meru na Embu

Miraa ya Igembe na Tigania, sawa na muguka wa Mbeere, hutafunwa kwa sababu ya molekuli moja ndogo: katinoni. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga mwaka 1975. Ina atomu 22 tu: kaboni 9, haidrojeni 11, nitrojeni 1 na oksijeni 1. Mwanafunzi anaweza kuichora ubaoni kwa dakika moja. Lakini mchoro wa ubaoni unaficha jambo la maana kuliko yote kuhusu molekuli hii, nalo ni kwamba ina mkono.

Atomu hizo 22, zikiungana kwa mpangilio ule ule, zinaweza kujenga maumbo mawili yanayohusiana kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Kila kipande cha moja kipo kwenye nyingine, lakini moja haikai mahali pa nyingine. Mmea huunda umbo moja tu, linaloitwa S, na hilo ndilo lenye nguvu zaidi katika kuchangamsha ubongo. Pacha wake, R, ni dhaifu. Tofauti yote hiyo imo katika kina, yaani ni atomu ipi iko mbele na ipi iko nyuma.

Kina huonekana vizuri kila jicho likipewa picha yake. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa kompyuta ya kawaida, kwa karatasi iliyochapishwa, au kwa miwani ya kujitengenezea. Unamfaa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, wa KeMU au wa Chuka. Unamfaa vilevile mwalimu wa kemia au baiolojia wa shule ya sekondari mwenye kompyuta moja na projekta.

Sharti moja linatangulia mengine yote: usiamini kina unachokiona kabla hujathibitisha kwamba kila jicho linapata picha yake halali. Picha zikibadilishana macho, utaona molekuli iliyogeuzwa kama ndani ya kioo, nayo itaonekana safi na ya kweli kabisa. Kosa hili halijitangazi. Ni lazima ulitafute.

Kwa nini macho mawili

Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6.5, kwa hiyo kila moja huona ulimwengu kutoka pembe yake. Ubongo hulinganisha picha hizo mbili na kupata umbali. Mwaka 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba michoro miwili bapa, kila mmoja ukipelekwa kwa jicho lake, huleta umbo lenye kina. Chombo alichokiunda kiliitwa stereoskopi.

Wanakemia waliipokea mbinu hiyo kwa sababu kazi yao ni maumbo. Mwaka 1965, Carroll Johnson wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, alitoa programu ya ORTEP, iliyoweza kuchora jozi za picha za molekuli kwa macho mawili. Kwa miaka mingi baada ya hapo, majarida ya kemia yalichapisha jozi kama hizo, na msomaji alitakiwa kuziunganisha kwa macho yake mwenyewe. Ujuzi huo bado una faida kubwa, maana hauhitaji kifaa chochote.

Vifaa vya kuanzia

Programu mbili zinatosha. Ya kwanza ni PyMOL, ambayo toleo lake la chanzo huria hupatikana bure. Kwenye kompyuta yenye Ubuntu, andika "sudo apt install pymol". Ya pili ni Jmol, inayohitaji Java tu. Unaweza kuibeba kwenye flashi na kuifungua katika kompyuta za zamani za maabara bila kusakinisha kitu.

Maumbo ya protini na DNA hutoka Benki ya Data ya Protini, iliyoanzishwa mwaka 1971 na kufunguliwa kwa kila mtu bila malipo. Kila umbo lina namba yake yenye alama nne, za herufi na tarakimu. Utahitaji 1BNA, kipande kifupi cha DNA, na 3RFM, ambayo nitaieleza mbele. Molekuli ndogo kama katinoni hupatikana katika hazina ya PubChem. Tafuta "cathinone", kisha pakua faili la umbo la pande tatu, aina ya SDF.

Faili hizi ni ndogo. Nyingi hazifiki megabaiti moja. Zipakue mara moja palipo na intaneti nzuri, uziweke kwenye flashi na kuwagawia wanafunzi. Usipange somo linalotegemea mtandao saa ile ile ya kufundisha.

Njia ya kwanza: makengeza

Hii ndiyo njia ya haraka zaidi kwenye skrini. Katika PyMOL, fungua faili la 1BNA, kisha andika "stereo crosseye". Skrini itagawanyika na kuonyesha picha mbili. Ya kushoto ni ya jicho la kulia, na ya kulia ni ya jicho la kushoto.

Keti umbali wa urefu wa mkono kutoka skrini, kichwa kikiwa wima. Shika kalamu katikati ya uso wako na skrini, ukazie macho ncha yake, na uisogeze polepole mbele na nyuma. Nyuma ya kalamu utaona picha zikiongezeka, kisha zikitulia zikawa tatu. Ile ya katikati ndiyo yenye kina. Hamishia fikira zako kwake bila kuhamisha macho, subiri iwe kali, kisha ondoa kalamu. Wengi hawaipati mara ya kwanza. Punguza ukubwa wa dirisha ili picha zikaribiane, kisha jaribu tena. Kichwa kikiinama upande mmoja, hata kidogo, picha hazitaungana.

Njia ya pili: kutazama mbali

Hapa picha ya kushoto ni ya jicho la kushoto na ya kulia ni ya jicho la kulia. Amri yake ni "stereo walleye". Macho hayaingii ndani. Yanalegea kama unavyotazama vilele vya Mlima Kenya asubuhi isiyo na mawingu. Kwa kuwa macho hayawezi kupanuka kupita usawa, nukta inayofanana katika picha hizo mbili isiachane zaidi ya sentimita 6 hivi. Ndiyo maana njia hii inafaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini pana.

Chukua picha ya skrini na uichapishe katika duka lolote la saiba mjini Embu, Runyenjes, Chuka, Meru au Maua. Nyeusi na nyeupe inatosha. Pima kwa rula kabla ya kulipia nakala nyingi. Kisha simamisha kadi ngumu kati ya picha hizo mbili, ukaribishe pua kwenye ukingo wa kadi, na kila jicho litaona picha yake peke yake. Wanafunzi wanaoshindwa na makengeza mara nyingi hufaulu kwa kadi.

Picha hiyo hiyo inaweza kutazamwa kwenye simu ndani ya kisanduku cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, cha aina ambayo Google ilianza kuisambaza mwaka 2014 kwa jina la Cardboard. Hakikisha picha inajaza skrini ya simu iliyolazwa, na mstari wa katikati unalingana na ukuta wa kisanduku.

Njia ya tatu: miwani ya rangi mbili

Kwa darasa zima, hii ndiyo njia bora. Programu huziweka picha zote mbili mahali pamoja, moja kwa nyekundu na nyingine kwa samawati ya kijani, na miwani huzitenganisha. Amri ya PyMOL ni "stereo anaglyph"; ya Jmol ni "stereo redcyan". Nyekundu huvaliwa jicho la kushoto.

Miwani hutengenezwa kwa karatasi ya manila na selofeni ya kufungia zawadi, inayouzwa katika maduka ya vitabu. Kama hakuna selofeni ya samawati ya kijani, tumia ya buluu. Ijaribu kabla ya kukata: andika neno kwa rangi nyekundu kwenye skrini nyeusi, ulitazame kupitia selofeni ya buluu. Likionekana vizuri bado, ongeza tabaka la pili hadi lipotee. Kisha andika neno la samawati ya kijani na ulijaribu kwa selofeni nyekundu.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Kwa desturi ya kemia, oksijeni hupakwa nyekundu na nitrojeni buluu. Rangi hizo zinagombana na miwani: atomu nyekundu huonekana kwa jicho moja tu, na badala ya kina utapata kumetameta kunakochosha. Ipake molekuli yote kijivu kwa "color grey80", kisha oksijeni njano kwa "color yellow, elem O" na nitrojeni zambarau kwa "color magenta, elem N". Rangi hizo hupita pande zote mbili za miwani ya nyekundu na samawati ya kijani.

Skrini maalumu: nunua kwa uangalifu

Ziko skrini zinazobadilisha picha mara 120 kwa sekunde pamoja na miwani inayofunga jicho moja baada ya lingine. Huonyesha rangi zote na kina kizuri, lakini hutaka kadi maalumu ya michoro. Nvidia iliacha kuendeleza mfumo wake wa 3D Vision mwaka 2019, kwa hiyo usishawishike kununua seti kuukuu kwa fedha za idara. Televisheni za zamani za 3D zenye miwani myepesi isiyo na betri ni nafuu zaidi. Ukiwa nayo, jaribu "stereo sidebyside". Idara yenye fedha chache iziweke kwanza kwenye projekta nzuri na selofeni.

Jaribio la mkono: usiliruke

Sasa tufike kwenye kiini cha mwongozo huu. Umeona kina, na molekuli imesimama hewani. Je, ni molekuli yenyewe au ni pacha wake wa kwenye kioo?

DNA ya 1BNA ni shahidi mzuri, kwa kuwa tunajua kwamba nyuzi zake hujisokota kwa mkono wa kulia. Fanya hivi:

1. Fungua 1BNA, andika "hide everything", kisha "show lines". Mistari myembamba haifichani, kwa hiyo ubongo hautapata msaada mwingine zaidi ya macho mawili.
2. Andika "set depth_cue, 0" ili kuondoa ukungu unaofifisha sehemu za mbali.
3. Isimamishe DNA wima katikati ya skrini.
4. Washa njia uliyochagua na utulie hadi kina kitokee.
5. Tazama nyuzi zilizo karibu nawe. Zinapaswa kupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia.

Zikipanda kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, picha zako zimebadilishana macho. Huenda umetazama jozi ya makengeza kwa njia ya kutazama mbali, au miwani imevaliwa kinyume, au aliyechapisha amepanga picha vibaya. Tiba ni rahisi: geuza miwani, andika "stereo swap", au kata karatasi katikati na ubadilishe nafasi za picha.

Jozi iliyochapishwa bila maelezo unaweza kuitambua hata bila kuiunganisha. Weka rula, linganisha sehemu iliyo mbele ya molekuli na iliyo nyuma. Picha ambayo sehemu ya mbele imesogea zaidi upande wa kulia ndiyo ya jicho la kushoto. Liandike hilo nyuma ya karatasi kabla hujaigawa.

Katinoni mikononi mwako

Ukishafaulu jaribio hilo, fungua faili la katinoni. Katika Jmol, ukiwa na intaneti, "load :cathinone" huileta moja kwa moja kutoka PubChem. Thibitisha kwamba jina lake la kikemia lina "2S". Itafute kaboni iliyoshikana na nitrojeni. Imezungukwa na vitu vinne: kundi la nitrojeni, kaboni yenye oksijeni, kaboni yenye haidrojeni tatu, na haidrojeni moja.

Izungushe molekuli hadi haidrojeni hiyo moja ielekee mbali nawe. Sasa fuata kwa kidole: nitrojeni, kaboni yenye oksijeni, kaboni yenye haidrojeni tatu. Kidole kinapaswa kwenda kinyume na mwelekeo wa saa. Hiyo ndiyo S. Kikifuata mwelekeo wa saa, rudi kwenye jaribio la DNA. Macho yako yamepewa picha zisizo zake.

Kisha fungua kathini, ambayo kwenye PubChem huandikwa "cathine". Majani yakinyauka na kukauka, katinoni hugeuka kuwa kathini na norefedrini, na hii ndiyo sababu ya kikemia ya haraka yote ya biashara ya miraa na ya kuifunga kwa majani ya mgomba ili isikauke njiani. Katika kathini, kaboni iliyokuwa na oksijeni imeongezewa haidrojeni, nayo sasa ina vitu vinne tofauti na mkono wake yenyewe. Kaboni ya nitrojeni imebaki S kama zamani. Kathini ni S na S. Norefedrini ni R kwenye kaboni ya oksijeni na S kwenye ile ya nitrojeni. Ubaoni mwanafunzi ataziona hizi mbili kama kitu kimoja. Kwa macho mawili ataziona ni mbili.

Na tofauti hizi zina uzito hata kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili unaiweka katinoni katika Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali zaidi, na kathini katika Jedwali la Tatu. Kijana wa Maua au Kiritiri anayesikia mabishano kuhusu zao la nyumbani kwao anastahili kujua kwa macho yake ni nini kinachobishaniwa.

Kahawa ndani ya kipokezi

Kafeini ya kahawa ya Embu na Meru ni mfano wa upande wa pili. Ukiitazama peke yake, kina hakikuongezei kitu, maana ni molekuli bapa. Mchoro wa ubaoni unatosha, na mwalimu mwema hapotezi dakika za darasa kwa miwani isiyohitajika.

Mambo hubadilika kafeini ikiwa mahali pake pa kazi. Faili la 3RFM, la mwaka 2011, linaonyesha kafeini ikiwa imekaa ndani ya kipokezi cha adenosini cha binadamu, protini yenye helisi saba zinazopita kwenye utando wa seli. Adenosini huleta uchovu na usingizi. Kafeini huketi mahali pake na kuizuia. Andika "hide everything", "show cartoon", kisha "show sticks, resn CFF". Ongeza "show lines, byres (all within 5 of resn CFF)" ili uone asidi amino zinazoizunguka. Kwa jicho moja utaona msongamano wa mistari. Kwa macho mawili utaona shimo, mdomo wake, na kafeini iliyojikita ndani. Helisi hizo nazo husokotwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo zinakupa nafasi nyingine ya kujikagua.

Kumbuka pia kwamba kina kizuri hakiongezi usahihi wa data. Umbo la 3RFM lilipimwa kwa ukali wa angstromu 3.6, na katika kiwango hicho mahali hasa pa atomu moja moja hapajulikani kwa uhakika mkubwa. Vivyo hivyo, umbo la katinoni la PubChem limekokotolewa na kompyuta. Wafundishe wanafunzi kuuliza kila mara umbo limepatikanaje.

Darasani, na afya ya macho

Wako watu wasioona kina kwa njia hii, hasa waliokuwa na kengeza utotoni au wenye jicho moja dhaifu. Wengine hawatofautishi nyekundu na kijani, ingawa mara nyingi miwani ya rangi bado huwasaidia kiasi. Usimwite mwanafunzi mbele ya wenzake kumuuliza anaona nini. Andika "rock" katika PyMOL, na molekuli itayumba polepole kushoto na kulia. Myumbo huo humpa kina hata mwenye jicho moja.

Kikao kisizidi dakika 15 bila mapumziko. Kichwa kikiuma au macho yakitoa machozi, acha na utazame mbali nje ya dirisha. Molekuli iwe kubwa ya kutosha katikati ya skrini, na isiruke mbele mno. Kina cha wastani huunganika haraka kuliko kina kikali.

Panga somo la kwanza hivi: DNA kwa jaribio la mkono, katinoni kwa mazoezi ya S na R, na kafeini kwa kuonyesha protini. Kila mwanafunzi achore alichokiona, aandike kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, kisha alinganishe na jirani yake. Wakitofautiana, usiwape jibu. Warudishe kwenye 1BNA wakague macho yao.

Mwalimu, vifaa vyote vya somo hili ni programu za bure, manila na selofeni. Tengeneza jozi za miwani za kutosha darasa moja muhula huu, uziweke maabara pamoja na karatasi moja yenye hatua tano za jaribio la mkono, na mwachie anayefuata. Mwanafunzi wa Meru au Embu asimalize masomo ya kemia bila kuiona, kwa kina na kwa mkono wake sahihi, molekuli inayokua katika shamba la kwao.